Kipaji cha Ngoma Kikionekana Nyumbani: Mwongozo kwa Wazazi wa Kintinku

Mtoto anapiga ndoo tupu kwa mdundo usiopotea hata ukimwita jina. Mwingine ameshika sauti ya pili ya wimbo wa kwaya kabla ya dada zake wakubwa. Wa tatu anatoroka kuchunga mbuzi ili akakae karibu na mzee anayepiga zeze. Wazazi wengi wa Kintinku wameyaona haya, na wengi hujiuliza la kufanya. Chuo cha sanaa kipo mbali, Bagamoyo, na fedha za kumpeleka mtoto huko hazipo.

Makala haya yanawaeleza wazazi na walezi kwamba miaka kumi ya mwanzo ya kipaji haihitaji chuo wala fedha nyingi. Inahitaji vitu vitatu ambavyo familia ya Kintinku inaweza kuvipata: mwalimu anayeijua kazi yake, muda wa kila siku, na mzazi anayemlinda mtoto. Chuo kinakuja baadaye, na kinamfaa zaidi mtoto aliyeandaliwa vizuri nyumbani.

Sanaa iliyopo mlangoni

Kintinku iko wilayani Manyoni, kwenye reli ya kati na barabara ya Dodoma kwenda Singida, ndani ya nchi ya Wagogo. Muziki wa Wagogo umewavuta watafiti kutoka mbali. Mhispania Polo Vallejo aliandika kitabu kizima, Mbudi Mbudi na Mhanga, juu ya muziki wa watoto wa Kigogo peke yao. Sababu ya mvuto huo ni uimbaji wa sauti nyingi kwa pamoja, ambapo kila mwimbaji anashika njia yake na zote zinakutana bila ya mtu kusoma nota.

Mtoto wa hapa ana mengi ya kuchagua. Ipo muheme, ngoma ya wanawake, ambapo mpigaji hubana ngoma yake katikati ya mapaja. Ipo msunyunho, inayohusishwa na kuomba mvua na mavuno mema. Ipo nindo, uimbaji wa wanaume wenye nguvu nyingi. Upande wa ala kuna zeze, linalopigwa kwa upinde, na ilimba, yaani marimba ya vidole gumba. Kila moja kati ya hizi ni sanaa iliyokomaa, yenye kanuni zake, na inadai miaka ya kujifunza sawa na fidla au piano.

Hukwe Zawose ni mfano ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Alizaliwa kijijini mkoani Dodoma mwishoni mwa miaka ya 1930. Mwalimu Nyerere alimwalika Dar es Salaam, na baadaye akafundisha katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Mwaka 1996 albamu yake Chibite ilitolewa na kampuni ya muziki ya Real World ya Uingereza, na hadi alipofariki mwaka 2003 alikuwa amepiga ilimba na zeze mbele ya watu wa mabara mengi. Msingi wa yote hayo aliupata nyumbani, utotoni, kabla hajaingia chuo chochote.

Dalili za kuangalia

Watoto wote hupenda kucheza na kuimba, na hilo ni jema. Anayehitaji msaada wa pekee huonekana kwa mambo kama haya:

- Anarudia jambo lile lile kwa hiari yake mpaka likae sawa, bila kusukumwa.
- Anasikia kosa. Mwenzake akichelewa pigo moja, yeye anageuka kumtazama.
- Anaweza kushika sauti yake huku wengine wakiimba sauti tofauti.
- Mwili wake unafuata ngoma hata mdundo unapobadilika ghafla.
- Anakumbuka wimbo aliousikia mara moja au mbili, maneno na mahadhi.

Jaribio rahisi la jioni: imba naye mstari mfupi mnaoujua wote, halafu yeye aendelee huku wewe ukihamia sauti nyingine juu yake. Asiyezoea ataifuata sauti yako. Mwenye sikio lililoiva atabaki palepale. Rudia siku nyingine, kwa sababu uchovu na aibu huficha mengi. Mtoto mpole asiyependa kutazamwa huenda akawa ndiye mwenye sikio kuliko wote, kwa hiyo msikilize pia akiwa peke yake, anapoosha vyombo au anaporudi na mifugo.

Hatua kwa umri

*Miaka 3 hadi 6.* Mpe michezo ya nyimbo, makofi na kukimbizana kwa mdundo. Bibi na shangazi ndio walimu wa kwanza. Usimpe masomo rasmi. Mwimbie, na mwache akusikie wewe ukiimba.

*Miaka 7 hadi 10.* Huu ni wakati wa kumweka karibu na ala. Mikono imeanza kutii, na aibu bado haijaingia. Dakika 15 hadi 20 kwa siku zinatosha.

*Miaka 11 hadi 14.* Mwalimu wa kudumu anahitajika sasa, na mazoezi yafike nusu saa hadi saa moja. Sauti za wavulana huanza kubadilika katika umri huu, hivyo mvulana asilazimishwe kuimba juu kama zamani. Apewe kazi kubwa zaidi kwenye ala mpaka sauti itulie. Mtoto yeyote ambaye sauti yake imekauka kwa zaidi ya wiki mbili apelekwe kituo cha afya.

*Miaka 15 na kuendelea.* Huu ni wakati wa kufikiri juu ya tamasha, masomo na riziki. Msikilize anachotaka. Wengine watabaki na sanaa kama furaha ya maisha huku wakifanya kazi nyingine, na huko si kushindwa.

Namna ya kumpata mwalimu

Mwalimu bora wa zeze, ilimba au muheme mara nyingi ni mzee wa kijijini ambaye hajawahi kuitwa mwalimu. Waulize wanaoongoza ngoma kwenye harusi na sherehe za mavuno ni nani aliyewafundisha. Jina litakalotajwa na watu watatu tofauti ndilo la kufuata.

Nenda mwenyewe, ukiwa na mtoto, kwa adabu ya kwetu. Msalimie mzee, "Mbukwenyi," kaa chini, uliza hali ya nyumbani na ya mifugo, ndipo useme shida yako: "Mzee, mjukuu wako huyu anapenda ilimba. Tumekuja kukuomba umtazame." Kumwita mtoto mjukuu wake kunamwingiza mzee katika malezi, na wazee wengi hawakatai malezi.

Msiachane kabla ya kukubaliana mambo manne: siku za kufika, saa ya kuanza na kumaliza, mahali pa kufundishia, na shukrani. Shukrani inaweza kuwa debe la mtama, kuku, siku moja ya kulima shambani kwake, au fedha kidogo kila mwezi. Kilichokubaliwa kitolewe kwa wakati. Mzee anayeahidiwa na kusahauliwa hufundisha kwa nusu moyo. Somo lifanyike uwanjani au barazani, mahali watu wanapopita, na mzazi au ndugu mkubwa awepo mara za mwanzo.

Usishangae ukiona mzee hafundishi kwa maelezo. Katika ilimba, kwa mfano, mtoto hukaa upande wa mwalimu, si mbele yake, ili aone vidole gumba kwa pembe ile ile atakayotumia yeye. Mwalimu anapiga kipande kifupi cha kidole cha kulia, anakirudia, anakirudia tena, halafu anaweka ala mapajani mwa mtoto na kunyamaza. Kipande kikikaa, kinaongezwa cha kushoto. Sauti ya kuimba huja mwisho, mikono ikiwa haihitaji tena kutazamwa. Huenda wiki ya kwanza nzima ikaishia kwenye kipande kimoja, na mzazi anayedai wimbo mzima siku ya tatu anaharibu kazi.

Ala na utunzaji wake

Kwa anayeanza, ala ndogo ni bora kuliko kubwa. Ilimba ya vyuma vichache inatosha miaka miwili ya mwanzo, na zeze la nyuzi mbili linamfundisha mtoto sikio haraka kuliko la nyuzi nyingi. Ngoma ya muheme iwe ya ukubwa ambao mapaja ya mtoto yanaweza kuibana bila kuumia. Ngoma ya mtu mzima itamfanya akunje mgongo, na mazoea hayo ni magumu kuyaondoa.

Kabla ya kununua ilimba, jaribu kila chuma kwa kidole gumba. Kisiwe kinayumba, kisiwe na ncha ya kukata ngozi, na kila kimoja kitoe sauti inayodumu kidogo kabla ya kuzima. Kwenye ubao wake pana tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaoleta ule mvumo unaopendwa. Ukichanika, mwombe fundi aweke mwingine badala ya kuziba tundu. Kurekebisha sauti ni kusogeza chuma: ukikifupisha upande wa kidole sauti inapanda, ukikirefusha inashuka. Kazi hiyo aifanye mwalimu mwanzoni, mtoto akitazama.

Ngozi ya ngoma hulegea msimu wa mvua. Iote jua au moto wa mbali, na isiachwe juani mchana kutwa kwa sababu itapasuka. Zeze liningʼinizwe ukutani mbali na jiko, panya na mikono ya wadogo. Kama ala bado haijapatikana, mtoto asisubiri. Ndoo, debe na makofi vinafundisha mdundo uleule.

Muda, kazi na haki ya wasichana

Mvua za Kintinku ni za msimu mmoja, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na wakati huo shamba linadai kila mkono. Panga mazoezi kwa kufuata ukweli huo. Msimu wa kilimo, dakika 15 kila jioni zinatosha kulinda kilichopatikana. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, ongeza muda, kwa sababu ndipo harusi na ngoma zinapochanganya, na ndipo mtoto anapoweza kuwatazama wakubwa wakiwa kazini. Mazoezi mafupi ya kila siku yanazidi saa tatu za Jumamosi moja.

Wapo watoto ambao hawapati hata hizo dakika 15, na wengi wao ni wasichana. Kaka anarudi kutoka shule anakwenda kwa mzee, dada anachukua ndoo kwenda kuteka maji, anapika, anaosha, anambeba mdogo. Mzazi anayetaka kukuza kipaji cha binti aanze kwa kugawa upya kazi za nyumbani. Akifanya hivyo, ameshampa binti kitu kikubwa kuliko ala.

Zeze na ilimba vimehesabiwa kwa muda mrefu kuwa vya wanaume, lakini zama zimebadilika. Pendo Zawose, binti wa Hukwe, na Leah Zawose, mjukuu wake, wameunda kundi la The Zawose Queens, wakitoka nyuma ya waimbaji wa kiume na kushika nafasi ya mbele wao wenyewe. Albamu yao Maisha ilitoka mwaka 2024. Binti wa Kintinku akiomba kufundishwa ilimba, jibu ni ndiyo.

Shule na kwaya

Mtaala mpya wa elimu ya msingi, ulioanza kutumika mwaka 2024, una somo la Sanaa na Michezo. Fika shuleni, mweleze mwalimu wa somo hilo mtoto wako anajifunza nini nyumbani, na uulize kama mzee anaweza kualikwa darasani siku moja. Dk. Kedmon Mapana, mwanamuziki na mtafiti wa Kigogo ambaye ameliongoza Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, akiwa Katibu Mtendaji wake, ameandika juu ya pengo lililopo kati ya namna mtoto wa Kigogo anavyojifunza muziki nyumbani na namna anavyofundishwa shuleni. Mzazi na mwalimu wakizungumza, pengo hilo hupungua.

Uliza pia kuhusu UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, na UMISSETA kwa sekondari. Watu huyajua kwa mpira na riadha, lakini yamekuwa pia na nafasi ya ngoma na kwaya, na ni mlango wa mtoto kuonekana nje ya kijiji chake.

Kwaya ya kanisani ni shule nyingine isiyo na ada. Humo mtoto hujifunza nidhamu ya mazoezi, kusoma nota za do-re-mi, na kusimama mbele ya watu. Hapa pana jambo la kuangaliwa: sauti za muziki wa Kigogo hazilingani zote na za kinanda. Mtoto aliyelelewa kwenye zeze anaweza kuambiwa kwenye kwaya kwamba anaimba pembeni, na aliyezoea kinanda akaambiwa hivyo hivyo na mzee. Mweleze mtoto kwamba hizi ni njia mbili, zote sahihi, kila moja mahali pake. Mwombe mwalimu wa kwaya asimkemee mbele ya wenzake. Watoto wanaweza kuzishika zote mbili, kama wanavyozungumza Kigogo na Kiswahili bila kuvichanganya.

Masomo mengine yasiachwe. Anayefeli kidato cha nne hujifungia mwenyewe vyuo vya sanaa.

Ulinzi wa mtoto

Sanaa za maonesho humpeleka mtoto kwenye hadhara, usiku, pombe na wageni. Weka masharti mapema, na usione haya kuyasema mbele ya kiongozi wa kikundi.

- *Usiku.* Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18, inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na inakataza kumfanyisha kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Kikundi kinachomtaka mtoto wako akeshe kwenye sherehe kiambiwe hapana.
- *Safari.* Mtoto asisafiri na kikundi bila mzazi, au ndugu mtu mzima uliyemchagua wewe. Jua atalala wapi, na nani, na atarudi lini.
- *Fedha.* Kikundi kikilipwa, mtoto naye ana fungu lake. Liandikwe kwenye daftari, na litumike kwa mahitaji yake.
- *Simu na picha.* Asirekodiwe wala kuwekwa mtandaoni bila ruhusa yako, na usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa na mtu unayemwamini. Kazi mpya aliyoitunga inaweza kusajiliwa COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Wimbo wa jadi ni wa jamii nzima, hivyo mtoto afundishwe kumtaja mzee aliyempa.
- *Jando.* Muheme ina historia iliyofungamana na jando la wasichana. Ngoma yenyewe inafundishika na kuchezwa bila ya binti kukeketwa. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya mwaka 1998. Mwalimu au kikundi kinachounganisha mambo hayo mawili kisipewe mtoto.

Mtoto akibadilika ghafla, akiogopa kwenda mazoezini au akikwepa mtu fulani, msikilize kabla ya kumgombeza. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo. Ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi nao wana wajibu wa kukusikiliza.

Njia ya mbele

Ofisi ya kwanza ya kufika ni ya afisa utamaduni wa Halmashauri ya Wilaya ya Manyoni. Uliza juu ya vikundi vilivyosajiliwa, mashindano yajayo na namna ya kujisajili BASATA wakati ukifika.

Tamasha la karibu la kumpeleka mtoto akatazame ni la muziki wa Wagogo linalofanyika Chamwino, mkoani Dodoma, lililoasisiwa na Dk. Mapana. Siku moja ya kuona vikundi vya vijiji vingi, pamoja na watoto wa rika lake jukwaani, inaweza kumpa hamu ya mwaka mzima.

Baada ya kidato cha nne ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa na kupewa hadhi ya wakala wa serikali mwaka 2007. Inafundisha ngoma, muziki na maigizo kwa ngazi ya astashahada na stashahada. Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, karibu na Arusha, vina masomo ya muziki. Anayevutwa na taarabu na ala za udi na kanuni anaweza kuulizia chuo cha muziki cha nchi za jahazi, DCMA, kilichoko Zanzibar. Taarifa za ada na sifa za kujiunga zichukuliwe chuoni kwenyewe, kwa maandishi, kwa kuwa matapeli wa nafasi za vyuo wapo.

Pa kuanzia wiki hii

Jumatatu, tazama na usikilize bila kusema neno. Katikati ya wiki, fanya lile jaribio la sauti mbili, na ugawe upya kazi za jioni ili mtoto apate dakika zake 15. Mwisho wa wiki, uliza jina la mzee anayefaa, umfikie na kukubaliana naye. Mwezi ujao, fika shuleni.

Kisha fanya jambo ambalo halina gharama na ambalo watoto hulikumbuka kuliko yote: kaa chini umsikilize anapopiga, mpaka mwisho, simu ikiwa mfukoni. Usimlinganishe na kaka yake wala na mtoto wa jirani. Mwambie kitu kimoja alichokifanya vizuri kuliko jana. Wazee wanaojua zeze na ilimba kwa undani wanapungua kila mwaka, na hawawezi kuwafuata watoto nyumba kwa nyumba. Kuwakutanisha ni kazi ya mzazi, na inafaa ianze wakati mzee bado ana nguvu za kukaa barazani na kufundisha.